Kompyuta yangu inachukua dakika tano kuwaka, ninunue mpya au niweke SSD?

SWALI: Habari za kazi fundi. Nina kompyuta ya mezani hapa nyumbani, Core i5 kizazi cha nne, RAM 8GB, hadi diski ya 500GB ambayo nimetumia kama 180 hivi, iko na Windows 10. Zamani ilikuwa safi sana ila siku hizi ukiiwasha ni dakika tano ndo uanze kufanya kitu, ukifungua brauza inaganda. Watoto wanaitumia kwa kazi za shule na mama yao anaweka mahesabu ya biashara yake humo humo. Mmoja kaniambia niongeze RAM, mwingine kasema nipige Windows upya, wa tatu kasema nitupe ninunue nyingine. Hela ya kununua nyingine sina kwa sasa. Nasikia kuna hii SSD inayowekwa badala ya hadi diski, je inasaidia kweli au nitakula hasara tu? Na mafaili ya mama watoto yatabaki salama?

JIBU: Salama kaka. Kwanza hiyo mashine usiitupe. Core i5 ya kizazi cha nne ilitoka 2013 na mpaka leo kwa mahesabu, kazi za shule na brauza bado ina nguvu za kutosha, RAM 8GB nayo kwa kazi hizo inatosha, kinachokutesa hapo karibu hakika ni hadi diski. Nasema karibu hakika kwa sababu sijaiona kwa macho, kwa hiyo kabla hujatoa hela mfukoni fanya kipimo kidogo, ni cha bure na hakichukui dakika mbili.

Iwashe, ikishafika kwenye deskitopu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, angalia safu ya diski. Kama diski imeganda kwenye 100% na prosesa iko kwenye 10 au 15% tu na RAM bado ina nafasi, basi mgonjwa umeshampata. Kitu kinachowachanganya watu wengi ni kwamba ukiingia ndani zaidi kuangalia hiyo diski inasoma kiasi gani kwa sekunde, unakuta pengine ni MB 1 tu, wakati mwingine hata haifiki. Sasa mtu anajiuliza, imechokaje hivyo na kazi yenyewe ndo hiyo?

Iko hivi. Ndani ya hadi diski kuna sahani inayozunguka, ya kompyuta ya mezani kwa kawaida ni mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kila sekunde, na juu yake kuna mkono mwembamba wenye kichwa cha kusomea. Kila Windows ikiomba kitu lazima mkono uhame mpaka kwenye mstari husika, halafu usubiri sahani izunguke mpaka ile sehemu ipite chini ya kichwa. Kuhama ni kama milisekunde 9, kusubiri mzunguko ni wastani wa milisekunde 4, jumla 13. Inaonekana ni kidogo, lakini piga hesabu: kwenye sekunde moja unapata maombi kama 75 tu. Na Windows inapowaka haiombi faili moja kubwa, inaomba vipande vidogo vidogo maelfu kwa maelfu vilivyotawanyika kila kona, vingi vina KB 4 tu. 75 mara 4 ni KB 300 kwa sekunde. Hiyo ndo 100% yako. Ni kama una mtu mmoja stoo unamtuma akuletee misumari, kila safari anarudi na msumari mmoja, hajakaa hata dakika lakini kazi haisogei. Weka sikio kwenye keisi wakati inawaka utamsikia, ile krrr, krrr, krrr isiyoisha ndo mkono unahamahama. Na laptopu ndo mbaya zaidi maana diski zake nyingi ni za mizunguko 5,400.

SSD haina sahani wala mkono, ni chipu tupu, ombi dogo kama lile inalijibu kwa sehemu ya kumi ya milisekunde, yaani zaidi ya mara mia ya haraka, na juu ya hapo inaweza kushughulikia maombi mengi kwa wakati mmoja. Ndo maana mashine za umri wa hiyo yako nikishaziwekea SSD nimezoea kuziona zinafika kwenye deskitopu kwa sekunde 20 hadi 30 na brauza inafunguka papo hapo. Prosesa ni ile ile, RAM ni ile ile, kilichobadilika ni kwamba hakuna anayemsubiri mtu wa stoo tena.

Sasa hao washauri wako watatu. Wa RAM angekuwa sahihi kama ungekuwa na 4GB, kwa sababu RAM ikijaa Windows inaanza kutumia diski kama RAM ya dharura na hapo kila kitu kinakwama, lakini kwa 8GB anza na SSD kwanza, RAM utaiangalia baadaye ukiona inajaa. Wa kupiga Windows upya, ukiipiga juu ya diski hiyo hiyo utapata nafuu ya wiki chache kisha unarudi pale pale. Wa kununua mpya nimeshamjibu.

Ila na mimi nisikuahidi yasiyokuwepo. SSD haiongezi spidi ya intaneti, gemu haitakuwa laini zaidi kama tatizo ni kadi ya picha, na anayeediti video nzito bado atasubiri prosesa. Itakachoondoa ni kule kusubiri kuwaka, kufungua programu, apdeti, kusachi faili, na ile hali ya kompyuta kuganda antivirusi ikianza kukagua.

Ununue ipi? Kwa madabodi (ile bodi kuu ya ndani) ya kizazi cha nne chukua ile ya SATA ya inchi 2.5, yaani inayochomekwa kwa nyaya kama hadi diski yako, basi. Usishawishiwe na zile nyembamba kama pipi ya bapa zinaitwa NVMe, ni nzuri tena sana kwenye mashine mpya, zinafika hata MB 3,500 kwa sekunde na zaidi wakati SATA inaishia kama 550, lakini madabodi nyingi za enzi hiyo hazina tundu lake, na hata ukiweka kwa adapta, madabodi nyingi haziwezi kuwaka kutoka humo. Na kwa kazi za nyumbani hiyo tofauti hutaihisi sana, hatua kubwa ni kutoka kwenye sahani kuja kwenye chipu. Kwa wenye laptopu wanaosoma hapa: fungua kwanza uone kuna tundu la aina gani ndipo ununue, maana hata tundu la M.2, lile la SSD nyembamba, kuna linalokubali SATA tu na kuna la NVMe tu, kwa macho yanafanana sana. Na laptopu nyingine za bei ya chini hifadhi yake imechomelewa kwenye madabodi yenyewe, hiyo huwezi kuibadilisha.

Ukubwa, wewe umetumia 180GB. SSD ya 240GB ukiiweka Windows itakuonyesha kama 223, ukijaza 180 humo inabaki nafasi finyu na SSD haipendi kujaa, inapungua spidi, mimi hupenda ibaki wazi kama asilimia 15 hivi. Kwa hiyo una njia mbili, ama ununue ya 480 uhamishie kila kitu, ama ununue 240 uweke Windows na programu na mafaili ya kazi, halafu ile hadi diski ya zamani ibaki humo humo ndani ya keisi kwa ajili ya muvi na muziki. Kwa mwenye bajeti ndogo mimi ningechagua ya pili, kwa sababu muvi ni faili moja ndefu, mkono hauhamihami, hata hadi diski ya kawaida inalisoma vizuri tu zaidi ya MB 100 kwa sekunde.

Kuhusu kuisha, watu wanaogopa sana kwamba SSD ina idadi ya kuandikiwa. Ni kweli ina kikomo, kimeandikwa kwenye maelezo yake kwa herufi TBW. Chukua mfano ya 240GB yenye TBW 80, maana yake terabaiti 80 za kuandika. Hata mkiandika GB 20 kila siku, ambayo kwa familia ni nyingi, ni kama terabaiti 7.3 kwa mwaka, hapo una miaka karibu 11. Hiyo isikunyime usingizi. Cha kuogopa ni feki. Ukiona SSD inadai terabaiti nyingi kwa bei ya fleshi, hiyo ni chipu ndogo iliyofundishwa kudanganya ukubwa wake, unaweka mafaili yanaonekana yameingia, ukija kufungua hakuna kitu. Ukinunua popote, kabla hujaweka kitu cha maana ijaze kwa programu ya H2testw, inaandika mpaka mwisho kisha inasoma kuhakiki, wa Linux wanatumia f3. Acha ifanye kazi hata kama ni masaa.

Sasa mafaili ya mama watoto, na hapa naomba unisikilize sana kaka. Polepole ya ghafla wakati mwingine ni dalili kwamba diski inakufa, sio uzee tu. Kabla ya kugusa chochote weka CrystalDiskInfo, ni ya bure, ikikuonyesha rangi ya njano na neno Caution, au ukaona kwenye sekta (vipande vya diski) zilizohamishwa kwa kuharibika au zinazosubiri kuhamishwa kuna namba ambayo sio sifuri, usiitumie tena hiyo kompyuta kwa kazi nyingine, kopi mafaili muhimu kwanza. Hili nilijifunza vibaya. Miaka ya nyuma aliniletea mteja mashine nzito kama yako, nikaona ni kazi rahisi nikaanza moja kwa moja kukloni, yaani kunakili diski nzima kama ilivyo kwenda kwenye SSD. Ikafika kama 60% nikaanza kusikia tik, tik, tik, kisha kimya, na diski haikuonekana tena. Picha za mtoto wake tangu anazaliwa zilikuwa humo na hakukuwa na kopi nyingine popote. Kukloni kunasoma diski nzima mwanzo mpaka mwisho bila kupumzika, na ile haikuwa na nguvu hiyo, ningeanza na ile folda moja ya picha ingetoka kwa dakika kumi. Tangu siku hiyo sishiki bisibisi kabla mafaili hayajatoka. Kwa hiyo wewe anza na folda ya mahesabu, kopi kwenye fleshi, na kopi nyingine mahali tofauti kabisa, fungua hizo kopi uone zinafunguka, ndipo uendelee. Kama anatumia programu maalumu ya mahesabu atengeneze bakapu kutoka ndani ya programu yenyewe, maana nyingi data zake haziko kwenye Documents.

Kukloni au kupiga upya? Kwako napendekeza kupiga upya kwenye SSD mpya. Kutoka 500 kwenda 240 kukloni kunasumbua, lazima upunguze kwanza partisheni (mafungu ya diski), na Windows ya miaka yote hiyo imebeba takataka nyingi. Tengeneza fleshi ya Windows, 8GB inatosha, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, bonyeza batani ya kuwashia mara moja umeme uliobaki uishe, shika chuma cha keisi kutoa umeme wa mwili. Chomoa hadi diski ya zamani kabisa usiiache imechomekwa, ili usije ukakosea ukaifuta. SSD yenyewe inakaa popote, hata ikilala ubavu haina shida kwa sababu hakuna kinachozunguka, inataka nyaya mbili tu, wa umeme na wa data, na huo wa data mara nyingi hauji na SSD kwa hiyo kama utabakisha diski zote mbili nunua mmoja wa ziada. Chomeka kwenye tundu la SATA la gigabiti 6, baadhi ya madabodi zina matundu ya 3 pia na yameandikwa pembeni. Ingia BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, hakikisha SATA iko kwenye hali ya AHCI, hilo ulifanye kabla ya kupiga Windows, ukibadilisha baadaye inaweza kukuletea skrini ya bluu. Ikiuliza namba ya ufunguo mwambie huna, kama Windows yako ya mwanzo ilikuwa halali na ni toleo lile lile itajitambua yenyewe ikishapata intaneti kwa sababu leseni imefungwa kwenye madabodi.

Jambo moja SSD haitalitibu, Windows 10 Microsoft waliacha kuitolea apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na prosesa yako haimo kwenye orodha ya Windows 11. Kwa vile unapiga upya, fikiria kuweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, kwa watoto na brauza wala hawatasumbuka, ila kwanza muulize mama watoto programu yake ya mahesabu inakubali huko, kama haikubali baki Windows 10 na ujisajili kwenye ule mpango wao wa apdeti za ziada za usalama.

Ukimaliza usiidifragi SSD (kule kupanga upya vipande vya mafaili), haina faida na inaichosha bure, Windows yenyewe inajua kuitunza kwa amri ya TRIM. Na ile diski ya zamani ikiwa nzima irudishe ndani lakini usiifute kwa wiki mbili tatu, kuna kitu mtakikumbuka tu, siku zote kipo. Ukikwama kwenye BIOS niandikie jina la madabodi, limeandikwa kwenye bodi yenyewe kwa herufi kubwa, nikuelekeze menyu iko wapi.