Kabla hujashika sururu, sikiliza bomba

Bili ya maji ikipanda ghafla na uani hakuna hata tone linaloonekana, wengi wetu hapa Mbeya tunaita vijana wenye sururu. Wanafukua kuanzia kwenye mita hadi mlangoni, baraza linavunjwa, na tundu linakuja kukutwa upande mwingine kabisa. Mimi ni fundi bomba, na ushauri wangu ni huu: maji yakipenya kwa nguvu kwenye tundu dogo yanapiga kelele. Ukijua pa kuweka sikio, utachimba shimo moja tu.

Usingoje ardhi ilowe. Udongo wa Uyole na kuelekea Rungwe ni wa majivu ya volkano, una vijiwe vyepesi vyenye matundu, na maji yanazama humo bila kuacha alama. Na kwenye miteremko yetu maji hupenda kufuata mtaro uleule uliolazwa bomba, yakaja kutokeza kwa jirani wa chini. Palipolowa si lazima ndipo palipotoboka.

Anza na mita. Funga koki zote ndani ya nyumba, kisha tazama kile kigurudumu kidogo kwenye uso wa mita. Kikiendelea kuzunguka, kuna maji yanakwenda mahali. Kabla ya kuilaumu ardhi, angalia boya la tenki, halafu tia wino kidogo kwenye tangi la choo na usiflashi. Rangi ikionekana kwenye sinki la choo baada ya nusu saa, mwizi wako ni huyo. Simu nyingi ninazopigiwa huishia chooni.

Kama si hivyo, subiri usiku. Watu wakilala hawachoti maji, kwa hiyo presha kwenye bomba inapanda na tundu linapiga kelele zaidi, huku bodaboda na redio za majirani zimenyamaza. Mtaa wenu ukiwa kwenye mgao, chagua usiku ambao maji yapo, maana bomba lisilo na presha halisemi kitu. Mwezi wa saba vaa koti zito, baridi ya huku mnaijua.

Kifaa cha kuanzia ni kipande cha nondo ya milimita 12 chenye urefu wa kama mita moja, ncha zake zimepigwa tupa ziwe laini. Ncha moja gusisha kwenye chuma cha koki, mita au valvu, nyingine ibane kwenye kimfupa kilicho mbele ya sikio. Usiisukumie ndani ya tundu la sikio. Kuna mama mmoja wa Sinde alinikuta nimeinama hivyo kwenye koki yake ya uani, akasimama akinishangaa. "Mwanangu, unaongea na mizimu?" Nikampa shikamoo, nikamshikisha nondo naye asikilize. Akatulia kidogo, akasema: "Kuna nyoka humu."

Kwenye mita yake kulikuwa na mngurumo mzito. Kwenye koki ya uani ule mngurumo uligeuka mluzi mkali, na kwenye koki ya nyuma ya bafu ukafifia tena. Ule mkali ndio wa kufuata. Sauti nzito husafiri mbali ndani ya bomba, nyembamba hufa mapema, kwa hiyo ukisikia "ssss" kali jua umekaribia. Kutoka kwenye ile koki nikaanza kugusa ardhi hatua kwa hatua kufuata njia ya bomba, nikienda na kurudi, mpaka mahali palipozidi pengine pote. Chini yake palikuwa na elbo ya chuma, yaani kiungio cha kona, kutu imekula nyuzi zake za kufungia.

Kwa bomba la chuma njia hii inakubali vizuri. Kwa plastiki ni shughuli nyingine, kwa sababu ukuta wake laini unameza sauti na baada ya mita chache hubaki na mvumo hafifu. Hapo itabidi usikilize kwenye kila kiungio unachoweza kukifikia, tena kwa subira. Juu ya zege nako uwe makini: sauti inatapakaa kwenye bamba zima na mara nyingi husikika zaidi kwenye ufa au ukingoni, mbali na tundu lenyewe.

Kwenye mabomba marefu ya mtaani kuna mashine yenye vihisio viwili vinavyobanwa kwenye bomba, kimoja kila upande wa eneo linaloshukiwa. Inapima sauti imechelewa kiasi gani kufika upande wa pili. Chukua mita 100 za bomba la chuma ambamo sauti inakwenda mita 1,200 kwa sekunde: ikichelewa sekunde 0.02, hizo ni mita 24 za ziada ilizosafiri kufika upande wa pili. Toa kwenye 100, gawa kwa mbili, tundu liko mita 38 kutoka kwenye kihisio kilichosikia kwanza. Ila kwenye plastiki mwendo huo unaweza kushuka hadi mita 400 hivi, kwa hiyo ukiidanganya mashine aina ya bomba, nayo itakudanganya pa kuchimba. Kwa uani wa kawaida sioni sababu ya kuikodi.

Kelele za uongo zipo: transfoma, friji, jirani anayejaza tenki lake. Dawa yake ni kufunga valvu ya kwenye mita huku nondo iko sikioni. Mluzi ukikatika, tatizo ni lako. Ukiendelea vilevile, hautoki kwenye bomba lako: ni moja ya kelele hizo, au tundu liko nje ya mita, na hilo ripoti mamlaka ya maji. Na usichome nondo ardhini kama hujui waya wa umeme umepita wapi.

Ukishaziba, usifukie siku hiyohiyo. Tundu kubwa likizibwa presha inarudi juu, na kiungio kingine kilichochoka kinaweza kuanza kuvuja. Acha shimo wazi hadi kesho yake, usiku sikiliza tena koki zote, na asubuhi tazama kile kigurudumu cha mita kabla ya kurudisha udongo.