Huduma za nyumbani kwa mzazi aliyepooza, jimbo la Ohio

Ndugu, umeuliza kama mama yako mwenye miaka 68, raia wa Marekani aliyepooza upande mmoja, ni lazima ahamie nyumba ya kutunzia wazee ndipo jimbo la Ohio limgharamie. Si lazima. Medicaid ya Ohio, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ina mpango uitwao PASSPORT, unaowahusu wenye miaka 60 na zaidi ambao hali yao ingestahili kutunzwa katika nyumba hizo lakini wanapenda kubaki kwao. Hulipia msaidizi wa kuogesha na kuvisha, na pia chakula kinacholetwa mlangoni. Mapato na akiba zake vitaangaliwa. Wasiliana na wakala wa huduma za wazee wa eneo lenu, uombe tathmini.

Nakusihi, kama mama hajui Kiingereza vizuri, mjukuu asiwe mkalimani wake katika tathmini hiyo. Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inazibana ofisi zinazopokea fedha za serikali kuu, na mkalimani hutolewa bila malipo. Tena mama mwenye staha hatasema mbele ya mjukuu wake kwamba anashindwa kwenda msalani peke yake, ilhali hayo ndiyo yanayopimwa. Akikataliwa, tunza barua ya uamuzi, na ndani ya siku 90 uombe shauri lisikilizwe na jimbo.