Maswali na Majibu: Kwa Nini Shetani Mweusi Hushinda Kila Mara?

SWALI: Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi ni mkazi wa Likoni. Pamoja na mdogo wangu tumebuni mchezo wa ubao wa watu wawili, tukauita Mashetani Wawili. Ubao una vyumba 49, saba kwa saba, na chumba cha katikati ni mbuyu, hakiingiliki. Shetani mwekundu huanzia pembe moja, na hasimu wake mweusi huanzia pembe inayomkabili. Katika kila zamu shetani husogea chumba kimoja, upande wowote, hata mshazari, na chumba anachokiacha huungua. Tunakifunika kwa komwe na hakikanyagwi tena. Anayekosa pa kusogea ameshindwa. Zamani tulikuwa pia na kanuni ya maji: badala ya kusogea, mchezaji aliweza kuzima chumba kimoja kilichoungua. Kwa kanuni hiyo mchezo haukuwa ukimalizika, tukaiondoa. Sasa limezuka jingine. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo huanza, na mdogo wangu amenifunga mara 11 mfululizo. Je, kanuni zetu zina kasoro au ni uzembe wangu? Tuongeze dadu? Na kanuni ziandikwe vipi ili mtu asiyetujua aweze kucheza?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Nimeuchora ubao wenu kwenye karatasi ya manila, nikachukua komwe za bao langu, na jana baada ya swala ya alasiri nikaucheza barazani na mpwa wangu, yeye akiwa mwekundu, mimi mweusi. Tulicheza mara tano na mara zote tano nilimfunga, ingawa kijana huyo hunitoa jasho katika dama. Kasoro ipo, wala si uzembe wako. Kwa kanuni mlizonazo sasa, mwekundu hawezi kumshinda mweusi anayeijua siri moja tu, na mdogo wako amekwisha kuijua.

Siri yenyewe ni kuiga kama kioo, lakini kioo kilichopinduliwa. Tuvipe vyumba majina kama wachezaji wa sataranji wanavyofanya, safu zikiwa A hadi G na mistari ikiwa 1 hadi 7. Mwekundu yuko A1, mweusi yuko G7, na mbuyu umesimama D4. Mpwa wangu aliondoka A1 akaingia B2, nami nikatoka G7 nikaingia F6. Akaenda B3, nikaenda F5. Akaenda C3, nikaenda E5. Akaenda C4, nikaenda E4, na hapo tukawa tumesimama huku na huku ya mbuyu, tukitazamana. Aliinamia ubao kwa muda mrefu, akiamini kwamba amefika mahali pa kunibana. Akashuka D3, nami nikapanda D5. Ukiangalia utaona kwamba namba ya mstari wake na ya mstari wangu zikijumlishwa huwa 8 kila wakati, na safu nazo ni vivyo hivyo zikihesabiwa kutoka kushoto: A na G, B na F, C na E, D na D yenyewe. Sikuwa nikifikiri hata kidogo. Nilikuwa nikitafuta chumba kinachokamilisha 8.

Kwa nini ujanja huo haushindwi? Kila mweusi anapomaliza zamu yake, ubao huwa umelingana pande zote mbili: kila chumba kilichoungua kina mwenzake aliyeungua upande wa pili wa mbuyu, na kila chumba kizima kina mwenzake mzima. Mwekundu akipata chumba cha kuingia, mwenza wa chumba hicho ni mzima, kinapakana na mahali aliposimama mweusi, na hakuna aliyekikalia. Kwa hiyo maadamu mwekundu ana hatua, mweusi anayo pia. Chumba kimoja tu ndicho ambacho mwenzake ni chenyewe, nacho ni D4 cha katikati, mahali pekee ambapo mwekundu angeweza kuingia na kumwacha mweusi bila cha kuiga. Ninyi mmekipanda mbuyu. Mliuweka mbuyu kwa sababu nzuri, kwani huku pwani hadithi ya mashetani bila mbuyu haikolei, lakini mti huo umekuwa ngome ya mchezaji wa pili.

Usidhani kwamba kuongeza ubao kutasaidia. Ubao wa nane kwa nane, kama wa sataranji, hauna kabisa chumba cha katikati, kwa hiyo kioo hufanya kazi vizuri zaidi. Kuung'oa mbuyu mkabaki na saba kwa saba kutakivunja kioo, kwa kuwa mwekundu atakimbilia D4, lakini kuvunja kioo si sawa na kuwasawazisha wachezaji, na mchezo wenu utakuwa umepoteza sura yake. Mimi ningeuacha mbuyu ulipo na kubadilisha mwanzo wa mchezo.

Kabla ya kufika huko nizungumzie maji, kwa sababu mliitupa kanuni nzuri kwa kosa dogo. Mchezo wowote humalizika kwa hakika ikiwa ndani yake kuna jambo linalopungua na lisiloweza kurudi. Katika sataranji vipande huweza kwenda mbele na kurudi nyuma bila kikomo, ndiyo maana kanuni zake humruhusu mchezaji kudai sare hali ileile ya ubao ikijirudia mara 3, au zikipita hatua 50 za kila upande bila askari kusogezwa wala kipande kuliwa. Tazama jinsi mambo hayo mawili yalivyochaguliwa: askari harudi nyuma, na kipande kilicholiwa hakirejei. Katika mchezo wenu kinachopungua ni vyumba. Mnaanza na 49, ukitoa mbuyu na vyumba viwili mlivyokalia hubaki 46, na kila hatua hula kimoja, kwa hiyo bila maji mchezo hauwezi kuzidi hatua 46, yaani 23 za kila mmoja. Kanuni ya maji isiyo na kikomo iliwawezesha kurudisha kilichokwisha kupotea, na ndipo mkawa mnakesha. Iwekeeni kikomo: kila shetani apewe mtungi mmoja, autumie mara moja tu katika mchezo mzima. Hapo hatua haziwezi kuzidi 48, na ukijumlisha zamu mbili za kumwaga maji, mchezo mrefu kuliko yote utakuwa wa zamu 50. Lakini jihadhari: mtungi peke yake hauondoi kioo, kwani mwekundu akizima chumba, mweusi atazima mwenzake.

Hapa inafaa kumtaja ndugu wa mchezo wenu. Mwanahesabu Mwingereza John Conway, pamoja na wenzake wawili, waliandika katika kitabu cha mwaka 1982 juu ya malaika na shetani wanaoshindana kwenye ubao usio na mwisho. Malaika huruka, na shetani huunguza chumba kimoja popote apendapo kila zamu, akijaribu kumzingira. Malaika anayeweza kusogea chumba kimoja tu kila zamu hunaswa. Hilo lilijulikana mapema. Kuhusu malaika mwenye nguvu zaidi, Conway aliahidi zawadi ya dola 100 kwa atakayethibitisha kwamba malaika mwenye nguvu za kutosha huokoka, na dola 1000 kwa atakayethibitisha kwamba shetani humnasa kila malaika, hata awe na nguvu kiasi gani. Mwaka 2006 wanahesabu wanne walijibu swali hilo, kila mmoja kwa njia yake, na wawili kati yao walionyesha kwamba malaika anayeruka hadi vyumba viwili huweza kukimbia milele. Ninalitaja kwa sababu linaonyesha kwamba kuunguza vyumba peke yake hakuleti mwisho. Kinachowaletea ninyi mwisho ni kwamba vyumba vya ubao wenu vina idadi maalumu. 

Sasa dawa. Michezo mingi ya wawili humpendelea mmoja, na wanaoijali wametafuta njia za kufidia. Katika Go, mchezo wa ubao wa Asia ya Mashariki, mwenye kete nyeupe, ambaye huanza wa pili, huongezewa alama 6.5 kwa kanuni za Kijapani na 7.5 kwa kanuni za Kichina, na ile nusu ipo ili kusiwe na sare. Ninyi hamhesabu alama, kwa hiyo njia hiyo haiwafai. Inayowafaa mnaijua tangu utotoni: ndugu wawili wakipewa kipande kimoja cha mkate wa sinia, mmoja hukata na mwingine huchagua. Mchezaji wa kwanza aweke mashetani wote wawili mahali popote apendapo ubaoni, ikijulikana kwamba mwekundu ndiye atakayeanza kusogea. Kisha mchezaji wa pili achague awe mwekundu au mweusi. Mtu akithubutu kuwaweka kwa kukabiliana kama A1 na G7, mwenzake atachagua mweusi, atamwiga na kumfunga. Kwa hiyo hakuna mwenye akili atakayewaweka hivyo. Kanuni hiyo ina uzuri ninaoupenda sana, kwamba hamhitaji kujua ni mwanzo upi ulio sawa. Kadiri mnavyozidi kuuelewa mchezo, ndivyo mkataji atakavyozidi kujitahidi kukata katikati.

Dadu msiongeze. Dadu ingeficha kasoro, kwa kuwa mdogo wako angefungwa mara mojamoja na nyote mngedhani mambo yamekaa sawa.

Kuhusu uandishi, barua yako ni wazi kuliko nyingi nizipatazo, lakini mtu asiyewajua angekwama mahali panne. Hujasema kama shetani anaweza kuingia chumba alichomo mwenzake. Hujasema kama anaweza kupenya mshazari kati ya vyumba viwili vilivyoungua, jambo ambalo mimi na mpwa wangu tulilibishania hadi chai ikapoa. Hujasema maji humwagwa wapi, karibu au popote. Na kubwa kuliko yote, hujasema mchezaji aliyezingirwa lakini ambaye bado ana mtungi wake ameshindwa au la. Bao la Kiswahili limedumu kwa kufundishwa kwa mdomo, mkubwa akimwonyesha mdogo shimo kwa shimo, na kila swali la namna hii hujibiwa palepale na mzee aliyeketi pembeni. Karatasi haina mzee pembeni, kwa hiyo kila neno lijitetee lenyewe. Tumieni pia neno moja kwa kitu kimoja: mkianza na “chumba”, msiandike “nyumba” mbele, hasa kwa wachezaji wa bao, ambao kwao nyumba ni shimo maalumu.

Mimi ningeandika hivi, nanyi rekebisheni mtakavyo:

“Mchezo huu ni wa watu wawili. Ubao una vyumba 49, saba kwa saba. Chumba cha katikati ni mbuyu na hakuna shetani anayeingia humo. Mchezaji mmoja huweka shetani mwekundu na shetani mweusi katika vyumba viwili tofauti apendavyo. Mwenzake huchagua mmoja wao, na aliyebaki huwa wa aliyewaweka. Mwekundu huanza, kisha wachezaji hupokezana zamu. Katika zamu yake mchezaji hufanya jambo moja kati ya mawili. Ama humsogeza shetani wake hadi chumba chochote kinachopakana naye, kwa ubavu au kwa pembe, kisichoungua na kisichokaliwa, hata kama vyumba vya kandokando vimeungua, kisha hufunika kwa komwe chumba alichokiacha. Ama, mara moja tu katika mchezo, humwaga maji yake kwa kuondoa komwe moja katika chumba kinachopakana na shetani wake, na zamu hupita. Shetani aliyeguswa lazima asogezwe kama ana pa kwenda. Mchezaji ambaye zamu yake imefika, hana chumba cha kuingia, na hawezi kumwaga maji, ameshindwa. Hakuna sare.”

Tazama kwamba aliyezingirwa akiwa na mtungi hulazimika kuutumia, na mara tu anapokifungua chumba ni zamu ya mwenzake, ambaye akiwa jirani anaweza kukiingia yeye kwanza. Kwa sababu hiyo mchezaji hodari atamwaga maji mapema, hasimu akiwa mbali, na mwanzoni wengi watauhifadhi mtungi hadi wawe wamechelewa. Nilipomweleza mpwa wangu jambo hilo, aliomba turudie mchezo papo hapo.

Mkishaandika, wapeni karatasi watu wawili ambao hawajawahi kuwaona mkicheza, kisha kaeni kimya kabisa. Kila mahali watakapoinua macho kuwauliza, wekeni alama kwenye sentensi waliyokuwa wakiisoma, na hiyo ndiyo ya kuandika upya. Nitumieni toleo hilo la pili pamoja na michezo kama kumi iliyoandikwa hatua kwa hatua, A1 hadi B2 na kuendelea, nami nitaichunguza kama kuna kioo kingine kilichojificha.