Jina la Babu Si Jina la Ukoo: Panga Majina Kabla ya Kuchapa Kitabu cha Familia

Nakala ya kwanza ya kitabu cha familia yetu niliipeleka Newala siku ya tatu ya Idi. Bibi yangu mdogo hasomi, akaniambia, "Mjukuu wangu, hebu nisomee mimi nilipo." Nikapekua faharasa. Chini ya jina la baba yake hayupo. Nilikuja kumkuta chini ya jina la marehemu mumewe, kana kwamba kazaliwa huko. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa baba yangu yuko wapi?"

Swali lile lilinirudisha Mtwara mjini, kwenye kompyuta.

Tatizo lilianzia kwenye kisanduku kimoja kinachodai jina la ukoo. Programu ya kupanga nasaba niliyoitumia ilidhani kila familia ina jina la mwisho lisilobadilika vizazi na vizazi, na kwamba mwanamke akiolewa huchukua la mume. Kwetu jina la tatu ni la babu, na kila kizazi lina mwenyewe. Issa Saidi Hamisi akizaa, mtoto ni Zuhura Issa Saidi. Hamisi hayumo tena. Ukiiacha programu ijaze yenyewe, itaandika Zuhura Hamisi, na msomaji wa kesho atadhani Hamisi ndiye baba mzazi. Tena ukoo wenyewe, kwa mila za Wamakonde, Wamakua na Wayao, hufuata upande wa mama. Jina la babu mzaa baba haliwezi kuubeba hata ukililazimisha.

Sasa natumia programu nyingine ya nasaba, Gramps, ambayo ni ya bure. Kabla hujaingiza hata mtu mmoja, fungua mapendeleo, tafuta mahali pa kukisia jina la ukoo, uiambie isikisie chochote. Hapo utakuta pia mtindo wa Aisilandi. Nilifurahi kuuona, maana watu wa kule nao huitwa kwa jina la baba, na kitabu chao cha simu kilipangwa kwa jina la mtu mwenyewe. Ila usiuchague, utambandika mwanao tamati ya Kiaisilandi.

Jina la baba na la babu yaingize kama majina mawili, kila moja ukilitambulisha kuwa linatokana na baba, na la baba liwe kuu. Kisha badilisha mtindo wa kuonyesha, lianze jina la mtu mwenyewe. Ripoti nazo zina chaguo lao la mtindo wa jina; likague kabla ya kwenda kwa mchapaji. Ukoo wa mama uandike kama sifa ya mtu, pembeni ya jina.

Majina ya jando yanataka uangalifu zaidi. Babu yangu alijulikana kijiji kizima kwa jina alilotoka nalo jandoni. Hilo ndilo nililoweka mbele. La utotoni nililiingiza kama jina mbadala, aina yake nikaiandika mwenyewe: "jina la utotoni". Lakini kwanza nilimwomba ruhusa mjomba, kwa sababu kumtaja mzee kwa jina la kabla ya jando ni kumvunjia heshima. "Mama Issa" na mengine ya namna hiyo yakae kwenye majina mbadala vilevile.

Ukimtumia ndugu faili la GEDCOM, yaani la kuhamishia nasaba kutoka programu moja hadi nyingine, lifungue kwanza kama maandishi ya kawaida. Kilicho kati ya mikwaju miwili, mfano Issa /Saidi Hamisi/, ndicho programu yake itakachokichukua kuwa ukoo. Mwambie mapema. Na kama unapeleka mti wote wa familia kwenye intaneti, chagua walio hai wasitokee kabisa.

Nakala ya pili bado iko kwa mchapaji. Bibi nimemsomea kwa simu: jina lake, la baba yake, la babu yake. Akaniomba nirudie la baba yake.