Ukali wa molekuli: ninachomwambia anayeanza kukokotoa dawa za kovalenti

Dawa nyingi hukaa kwenye protini kama mgeni: huingia, hutulia kidogo, huondoka. Dawa ya kovalenti kwa kawaida haiondoki. Ikifika mahali pake hufunga kifungo cha kemia, mara nyingi na salfa ya sisteini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, na protini ile haifanyi kazi tena mpaka seli itengeneze nyingine. Ibrutinib, dawa ya saratani iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, hushika sisteini ya 481 kwenye kimeng'enya cha BTK. Osimertinib, nayo ya saratani, hushika ya 797 kwenye protini ya EGFR. Sisteini hiyo ikibadilika kuwa serini, asidi amino isiyo na salfa, kama inavyotokea kwa baadhi ya wagonjwa, salfa imekwenda, kifungo hakifungwi, na dawa hupoteza nguvu zake.

Kazi yangu ni kukadiria kwa kompyuta jinsi ndoano ya dawa kama hizi (sehemu yake inayofunga kifungo) itakavyokuwa kali, yaani itamenyuka na salfa kwa wepesi gani, kabla mkemia hajapoteza wiki kadhaa kuitengeneza. Kazi hii naichukulia kwa uzito mkubwa. Ukitaka kujua kwa nini, tazama parasetamoli: mtu akizidisha dozi, ini hutengeneza kemikali iitwayo NAPQI, ambayo humaliza glutathioni, kinga ya seli ambayo nayo ina salfa, kisha hugeukia protini za ini lenyewe. Ndoano kali mno inaweza kuwa na tabia hiyo hiyo. Ndoano butu nayo hupita karibu na sisteini bila kuigusa.

Mwanzoni nilikwenda njia ya mkato. Nilikokotoa nishati ya obitali tupu ya chini kabisa (nafasi ya kwanza ambayo elektroni mpya ingeingia) kwa kila akrilamidi niliyopewa, aina ya ndoano yenye kifungo maradufu cha kaboni, nikazipanga: yenye nishati ndogo zaidi ndiyo kali zaidi. Ni hesabu ya dakika chache, na jedwali lake linapendeza. Kisha maabara wakapima nusu uhai ya kila moja ndani ya glutathioni, kwa pH 7.4 na nyuzi 37. Jedwali langu likavunjika mahali pawili. Molekuli zilizokuwa na kikundi cha methili kwenye kaboni ya alfa (ile ya kifungo maradufu ambayo salfa haiishiki) zilikuwa butu kuliko nilivyosema. Zenye amini (kikundi chenye nitrojeni) mwishoni mwa kifungo maradufu, mfano wa ile iliyomo kwenye dawa ya saratani afatinib, zilikuwa kali kuliko nilivyosema.

Nilikaa muda mrefu na makosa hayo mawili, na yalinifunza zaidi ya kozi yoyote. Ile obitali inaeleza molekuli ikiwa peke yake, kabla ya lolote kutokea. Haijui kwamba amini iliyo jirani inaweza kuvuta protoni ya salfa na kuusaidia mmenyuko. Haioni pia kwamba methili huisumbua kaboni inayopaswa kubeba chaji hasi baada ya salfa kushika. Mambo hayo hutokea njiani, na anayetaka kuyaona hana budi kuikokotoa njia: hali ya mpito (kilele cha njia hiyo), kizuizi chake cha nishati, na kile kinachobaki baada ya salfa kushika.

Hapo mbinu unayoichagua ina uzito kuliko watu wanavyodhani. B3LYP, mbinu ya kukokotoa elektroni ambayo wengi wetu tulifundishwa nayo, hukosea vibaya thioleti (salfa iliyopoteza protoni) inapojiunga na kifungo maradufu: huitawanya chaji mno hata kabanioni ya katikati (kaboni yenye chaji hasi) isionekane kabisa kama kituo thabiti. Mbinu kama ωB97X-D au M06-2X huionyesha. Ikiwa hesabu yako inakataa kupata kabanioni, usikimbilie kuandika kwamba haipo.

Maji nayo. Thioleti ina chaji iliyokusanyika kwenye salfa, na maji huishika kwa nguvu. Ukiikokotoa bila kiyeyushi, mmenyuko utaonekana rahisi kupita kiasi. Mimi hutumia kiyeyushi cha jumla (maji yanayowakilishwa kwa hesabu, bila molekuli moja moja), na pale chaji inapohama huongeza molekuli mbili tatu za maji halisi.

Tena usianze na umbo moja. Akrilamidi inaweza kujipinda kwa namna zaidi ya moja, na mkia wa dawa hubadilisha mengi. Niliwahi kupata kizuizi ambacho kilishuka karibu kilokalori 2 kwa moli nilipoanza na umbo jingine la molekuli ile ile. Kwa joto la mwili, kilokalori 1.4 tu hubadilisha kasi mara 10. Kilokalori 2 ni mara 25 hivi. Ndiyo maana simpi mkemia kasi kamili. Ninampa mpangilio, tena ndani ya familia moja ya ndoano, uliofungwa kwenye angalau molekuli tano sita ambazo nusu uhai yake imepimwa. Nisipokuwa nazo, huziomba kwanza.

Kizuizi peke yake hakitoshi ndoano inaporudi nyuma. Akrilamidi yenye kikundi cha siano kwenye kaboni ya alfa hushika salfa haraka, kisha inaweza kuiachia. Ukitazama kizuizi cha kwenda tu, utaiita kali na kuitupa, kumbe kuachia huko ndiko kunakoweza kuifanya salama. Kokotoa na nishati ya zao la mwisho.

Glutathioni, hata hivyo, si protini. Ndani ya mfuko wa kimeng'enya, asidi amino jirani zinaweza kuifanya sisteini ipoteze protoni kwa urahisi zaidi au kwa shida zaidi, na dawa yenyewe lazima ikae kwa pembe inayoiwezesha salfa kuifikia kaboni. Nimeona ndoano ya wastani ikifanya kazi vizuri kuliko kali, kwa sababu tu mwili wa dawa uliiweka mahali sahihi. Kwa hiyo kwa wenzangu wa maabara hutenganisha maswali mawili: ndoano hii ni kali kiasi gani popote ilipo, na hapa, mbele ya sisteini hii, inafikaje?

Ninapowapelekea orodha, huwaomba watengeneze pia mbili ambazo hesabu imezikataa. Wakemia hulalamika, maana ni kazi ya mikono yao, na malalamiko hayo nayaelewa. Lakini ile amini iliyonionyesha kosa langu la kwanza ilikuwa mwishoni kabisa mwa jedwali.