Kompaila mpya inasema "i halikutangazwa": usikimbilie kuliweka juu ya faili

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini programu ya C++ ya 2002, iliyokuwa ikijengeka bila tabu kwa kompaila ya zamani (kigeuzi cha maandishi ya programu kuwa programu yenyewe), Visual C++ 6.0, leo ukiipa kompaila mpya, GCC 13, inatema makosa mia na kitu, karibu yote yakidai jina fulani halikutangazwa katika upeo huo, yaani sehemu ya programu ambamo jina linatambulika. Na kuna aliyekujibu hapo juu: andika int i; mwanzo wa faili, yaishe. Tafadhali usifanye. Mimi nilifanya.

Tulikuwa na programu ya mzani wa malori kwenye godauni moja la chai huku Shimanzi, Mombasa. Kodi yake, yaani maandishi ya programu (si ile ya ushuru ya KRA), ilikuwa na lupu, sehemu inayojirudia, ya kutafuta lori:

for (int i = 0; i < n; i++) if (gari[i].namba == namba) break;
gari[i].uzito = u;

Umeiona? Mstari wa pili uko nje ya lupu, lakini unaitumia i ya ndani. Visual C++ 6.0 ya 1998 iliiacha i iendelee kuishi baada ya lupu kufungwa. Kanuni rasmi ya C++, iliyotoka mwaka huo huo, inasema i inakufa pamoja na lupu. GCC inafuata kanuni, ndiyo maana inakataa.

Nikaweka int i; juu kabisa ya faili. Kimya, ikajengeka, nikaenda kunywa madafu. Kumbe sasa ziko i mbili: ya lupu, inayotafuta lori sawasawa kisha inakufa, na ya juu, ambayo hakuna anayeigusa, sufuri milele. Kila uzito ukawa unaandikwa kwenye lori la kwanza. Saa nne asubuhi karani wa mzani, mzee wa watu, akaja na tiketi mkononi: "Mwanangu, leo magari yote yamekuja matupu?"

Dawa yake ni kuitoa int i nje ya lupu, mstari mmoja tu juu yake, ndani ya funksheni ile ile, na kwenye lupu ubakishe i = 0 bila int. Ukishaitoa, tazama pia lori lisipopatikana: i itakuwa sawa na n, na utaandika nje ya safu ya gari. Kasoro hiyo ilikuwemo tangu zamani, hakuna aliyeiona. Halafu jenga na chaguo la kompaila liitwalo -Wshadow, ikuonyeshe kila mahali jina la ndani linapofunika la nje. Usiache hata onyo moja bila kulisoma, maana hatari iko kwenye faili ambazo tayari zina i ya juu: hizo kompaila haitakulalamikia kabisa.

Yale mengine ni mepesi. uint32_t haijulikani? Ongeza #include <cstdint>. Tangu GCC 13, ya 2023, heda kadhaa (faili zinazoingizwa kwa #include) zimeacha kuivuta kwa mlango wa nyuma. strlen na memcpy ni hadithi ile ile, zinataka <cstring>; hizo zilianza kusumbua watu GCC 4.3 ilipotoka 2008. cout haijulikani? Umetoa <iostream.h> ukasahau kuandika std::cout.

Templeti, yaani kodi inayoandikwa kabla ya kujua aina ya data, ambayo nafasi yake inashikwa na T, ndizo zitakuumiza kichwa kidogo. Kama klasi yako imerithi kutoka Msingi<T> na ndani yake unaita jumla() iliyo kwa mzazi, kompaila inaisoma templeti kabla haijajua T ni nini, kwa hiyo haithubutu kumtazama mzazi huyo. Andika this->jumla();, basi. GCC imekaza hapo tangu toleo la 3.4, 2004, lakini Visual C++ ya zamani ilikuwa ikingoja mpaka T ijulikane ndipo itafute. Watu watakwambia utumie -fpermissive. Inanyamazisha baadhi ya makosa, sikatai, ila mimi nikishaona kompaila imenyamazishwa namkumbuka yule mzee na tiketi yake.

Na hayo mia yasikutishe. Jenga na -Wfatal-errors isimame kwenye kosa la kwanza, rekebisha hilo, jenga tena. Mimi heda moja iliwahi kufuta makosa sitini kwa mpigo. Ukikwama, bandika hapa kosa la kwanza tu na mistari kumi inayolizunguka, nitaiangalia usiku nikishatoka kazini.