Jibu: Faikosayanini ya spirulina imekwama kwenye usafi wa 0.8

Habari ndugu. Nimekuelewa: faikosayanini yako, yaani protini ya buluu ya spirulina, imekolea rangi, lakini ukigawa usomaji wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 620 (buluu hiyo) kwa ule wa 280 (protini zote) unapata usafi wa 0.8, na chumvi ya amonia salfeti ya kushusha protini haijasaidia.

Kwanza angalia kyuveti, kile kichupa cha kupimia mwanga. Plastiki ya kawaida hufyonza mwanga wa 280 yenyewe. Tumia ya kwatsi. Kisha soma kwenye nanomita 750. Faikosayanini haifyonzi hapo, kwa hiyo ukiona namba ya maana, huo ni ukungu wa vipande vya seli. Rudisha kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha, vipande vishuke.

Chumvi usiimwage yote kwa mpigo, hapa ndipo wengi wanapoharibu. Fika 25% ya kiwango cha juu cha chumvi ambacho maji yanaweza kuyeyusha kwanza, tupa mashapo, halafu panda hadi 50% uone buluu yenyewe ikishuka na maji ya juu yakibaki karibu bila rangi. Fanyia kwenye barafu, gizani.

Kiasi cha faikosayanini, kwa miligramu kwa mililita: chukua A615 (usomaji wa nanomita 615), toa (0.474 mara A652), kisha jibu lote gawa kwa 5.34.

Kwa chakula, usafi wa 0.7 unatosha kabisa. Ukitaka 4, bila safu ya kubadilishana ioni (mrija wa kutenganisha protini kwa chaji zake) utahangaika bure. Unaitaka ya kazi gani?